Mitamba Wenye Masikio Mazima

Saa mbili asubuhi ya Jumatano, mitamba wanne walikuwa wamesimama kwenye kona ya zizi la Mzee Simioni, Machochwe, na masikio yao yote yalikuwa mazima.

Boke alikuwa ametoka Bomani, mjini Tarime, kwa ajili ya masikio hayo. Mara ya mwisho alikuwa amewaona mitamba hao kwa mbali, vumbi la jioni likiwa limewafunika, akarudi mjini na swali lililomnyima raha. Usiku wa kuamkia leo alikuwa amelala kwa rafiki yake Scholastica, nesi wa zahanati, ili asubuhi awahi kuwaona kabla hawajatoka kwenda malishoni. Sasa alikuwa hatua chache kutoka kwao, na jambo lilikuwa wazi: hakuna kisu kilichowahi kugusa sikio hata moja.

Alizaliwa Gorong'a, katika boma ambalo mtoto huijua alama ya ng'ombe wa kwao kabla hajajua kusoma. Kila ukoo una mkato wake, ama kwenye ncha ya sikio, ama pembeni, ama yote mawili. Ndama anaweza kuwa na masikio mazima. Mtamba aliyekaribia kupandwa, hapana.

"Mzee, hawa wamesahauliwa?" aliuliza.

Mzee Simioni alitoa mswaki mdomoni. "Wangu hawasahauliwi."

"Kwa hiyo si wako."

"Nimesema hivyo?"

"Umesema wako hawasahauliwi."

Mzee alimgeukia kijana aliyekuwa langoni akitayarisha chanjo. "Mura, kijana wangu, huyu binti uliyeniletea, kwao walimlisha nini? Anadaka maneno kama paka."

"Sikumleta mimi, mzee. Amekuja kwa miguu yake," alisema kijana bila kuinua macho.

"Amekuja kwa pikipiki yako. Miguu yake nimeiona ikining'inia."

Boke alicheka, akageuza uso upande wa ng'ombe ili kicheko kisimkute kijana yule akitazama. Alichelewa. Ambokile alikuwa ameshainua macho, na macho hayo yalibaki kwake muda mrefu kuliko chupa ya chanjo ilivyohitaji.

Ambokile alikuwa afisa mifugo wa kata. Alikuwa Mnyakyusa wa Tukuyu, mrefu, mtulivu, mtu anayefikiri kabla ya kuitikia hata salamu. Kwa miezi mingi alikuwa amemzungusha Boke kutoka boma moja hadi jingine, kwa sababu wafugaji walimfungulia yeye mageti ambayo wasingemfungulia mtu mwenye karatasi. Katika miezi hiyo walikuwa wamezungumza juu ya kupe, juu ya tembo waliokanyaga mtama wa watu, juu ya bei ya mafuta. Juu yao wenyewe hawakuwa wamesema lolote.

Na asubuhi hiyo Boke alikuwa na habari ambayo hakuwa amempa. Alfajiri baba yake, Mzee Mseti, alikuwa amempigia simu. Mzee Heche na nduguze watafika Gorong'a Jumamosi kwa mara ya tatu, kumposea kijana wao Joel mwenye duka Sirari. Mara ya kwanza wageni wa aina hiyo huja kusalimia, mara ya pili kueleza. Mara ya tatu huja kuchukua jibu.

"Fikiri leo, kesho uniambie," baba yake alikuwa amesema. "Na hiyo shahada yako isiyo na darasa, utamalizia kwa mumeo kama atapenda."

Shahada isiyo na darasa. Mzee Mseti hakuwa amepata jina jingine la kuiita. Boke alikuwa anasoma Shahada ya Uzamili ya Fedha kwa njia ya utafiti: hakuna vipindi wala mitihani ya kukaa ukumbini, kuna swali moja, data, na tasnifu ya kutetea mbele ya maprofesa. Baba alikuwa amewahi kumuuliza, mbele ya wageni, kama chuo kimeishiwa walimu mpaka wanafunzi wanatumwa kwenda kufundishwa na wachungaji wa ng'ombe.

Swali la Boke lilikuwa hili. Wafugaji wa Tarime na Serengeti hawaweki ng'ombe wao wote zizini. Huwapeleka wengine wakae kwa rafiki au ndugu, mbali, ili ugonjwa au wezi wakiingia boma moja, mtu asiamke maskini. Vitabu vya fedha huita jambo hilo kutawanya hatari, na hulieleza kwa hisa na hati fungani. Boke alitaka kujua kitu ambacho vitabu havikusema: mtu huamuaje ni nani wa kuaminiwa na mali yake, pasipo mkataba, pasipo shahidi, na ikiwa anayewatunza amekatazwa na desturi kumtaja mwenye mali?

Kazi ilikuwa imeanza vibaya. Dodoso lake la kwanza lilikuwa na swali la idadi, na yeye, mtoto wa Gorong'a, alilisoma kwa sauti mbele ya majirani: mzee, una ng'ombe wangapi? Mzee yule aliinuka, akachukua fimbo yake, akaenda zake. Hakuna anayehesabu ng'ombe wa mwenzake kwa mdomo. Boke alilijua hilo tangu utotoni. Alidhani karatasi yenye nembo ya chuo ingesamehewa.

Ndipo alipobuni kibuyu. Mhojiwa aliingia ndani peke yake na kibuyu chenye mdomo mwembamba na nafaka tatu. Mahindi yalikuwa ng'ombe wake waliopo nyumbani, karanga ng'ombe wake walio kwa watu wengine, na maharage ng'ombe wa watu wengine anaowatunza yeye. Alitumbukiza, akatikisa, akaziba. Boke alihesabu baadaye, mbali, na kibuyu kilikuwa na namba ya kaya tu.

Kaya ya Mzee Simioni ilikuwa ya ishirini na tatu. Mara ya pili kibuyu chake kilipotoka, maharage yalikuwa yameongezeka.

Katika kaya zote alizokwisha kuzifikia, waliowekeana ng'ombe walikuwa ndugu, wakwe, au watu wa rika moja. Hapakuwa na mgeni hata mmoja. Lakini mtamba asiye na mkato ana mwenyewe asiye na ukoo hapa. Kama ndivyo, mgeni alikuwa ameaminiwa, na nadharia ya Boke ilikuwa imepata tundu. Alipomwandikia msimamizi wake, Dk. Eugenia, jibu lilikuja upesi: "Thibitisha. Ikiwa ni kweli, hiyo ndiyo sura yako ya nne, na ndiyo itakayosomwa na watu."

Kwa hiyo Boke alisimama zizini akiwa na furaha ya mtu aliyekaribia jibu. Mgeni gani? Mwalimu? Askari wa wanyamapori? Hakuwa na ruhusa ya kuuliza jina. Alikuwa ameahidi kila mhojiwa kwamba hatauliza, wala hatasema atakachojua. Lakini hakuna ahadi iliyomkataza kutazama.

"Sogea pembeni, mtafiti," alisema Ambokile. "Watakukanyaga."

Alikuwa ameingia na bomba la sindano. Kilichofuata Boke alikuwa amekiona katika maboma mengi: ng'ombe walimtambua. Walipomwona tu walijibana upande wa pili wa zizi, wakapandiana migongo, macho yamewatoka. Hakuna mnyama katika kata ile asiyemjua mtu wa sindano.

"Wanakupenda kweli," Mzee Simioni alisema.

"Mapenzi ya kwenye ndoa haya, mzee. Nikiingia, wanatoka."

"Hujaoa, unajuaje?"

Boke alikuwa bado anatabasamu alipoona. Mitamba wanne hawakukimbia. Walibaki kwenye kona yao, kisha mmoja, mwenye baka jeupe kwenye paji la uso, akaja taratibu. Akamfikia Ambokile kwa nyuma, akanyoosha shingo, akaanza kumlamba kiganja. Wengine watatu wakafuata.

Ambokile alikunja vidole haraka. "Nenda," alimnong'oneza mtamba, akimsukuma kwa kiwiko. Mtamba hakwenda. Alitia pua kwenye mfuko wa koti, mahali ambapo inaonekana alizoea kupata chumvi.

Mzee Simioni aliangalia mawingu kama mtu aliyeona huko jambo la maana sana.

Boke alijaribu kufanya alichofundishwa kufanya pale jibu linapopendeza kupita kiasi: kutafuta maelezo mengine. Labda amewatibu wakiwa wagonjwa. Lakini matibabu ni sindano vilevile. Labda ana huruma na wanyama wote. Lakini wanyama wengine wote walikuwa upande wa pili wakitetemeka. Alitafuta la tatu, hakulipata.

Walipomaliza, aliaga. Mzee Simioni alimshika mkono, akamzuia kidogo.

"Binti, umeona nini leo?"

"Nimeona ng'ombe wakichanjwa, mzee."

"Basi," alisema mzee, akamwachia mkono. "Wewe ni mtoto wa watu."

*

Kuna mwinuko nje ya Machochwe ambapo mtandao wa simu unashika, na kila mwenye pikipiki husimama hapo kusoma ujumbe. Ambokile alizima injini. Boke alishuka, akavua kofia ngumu, akasimama mbele yake.

"Nina swali," alisema.

"Liko kwenye dodoso?"

"Haliko."

"Basi uliza."

"Kwa nini yule mwenye baka anajua mfuko wako?"

Ambokile alifikiri, kama kawaida yake. Upepo ulivuma kutoka upande wa hifadhi. Boke alimtazama akifikiri, na kwa mara ya kwanza hakuona kwamba anachelewa.

"Kwa sababu ni wangu," alisema. "Wote wanne."

"Tangu lini?"

"Unakumbuka siku niliyokupeleka kwenu Gorong'a, mvua ikatuzuia? Mama akatupa uji. Baba yako akaniuliza, kijana, ng'ombe zako ziko wapi?"

Boke alikumbuka. Alikumbuka pia jibu. "Ukasema, kwetu tuna migomba, mzee."

"Akacheka mpaka akaweka kikombe chini."

"Mpaka leo anakuita mtu wa migomba."

"Najua. Wiki ile nilienda mnadani, nikanunua wa kwanza, angali ndama."

Boke alitaka kucheka, akashindwa. "Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Kwamba nanunua ng'ombe? Kwa ajili ya nani? Sijakuuliza kitu, hujanijibu kitu." Alivua glovu moja, akaikunja. "Halafu, Boke, nimekaa na watu wako nikawaelewa kidogo. Habari za ng'ombe zikifika nyumbani, tarehe inapangwa. Tarehe ikipangwa, hakuna atakayeuliza tena tasnifu imefika sura ya ngapi. Nilitaka umalize. Hao mitamba hawana haraka."

"Wewe je?"

"Mimi ninayo. Lakini mimi naweza kuficha kuliko mitamba."

"Huwezi," alisema Boke. "Umeshindwa leo asubuhi."

Wakacheka pamoja, na kicheko kilipoisha walikuwa wamekaribiana zaidi, pasipo yeyote kujua nani aliyesogea. Mkono wa Ambokile ulinuka chumvi na dawa. Boke aliushika kwanza kwa vidole viwili, kama mtu anayepima joto la maji, kisha wote.

"Mzee Heche anakuja Jumamosi," alisema. "Mara ya tatu."

Mkono ule ulikaza. "Umejua lini?"

"Alfajiri."

"Na ukanyamaza njia nzima?"

"Na wewe umenyamaza tangu mnadani. Tusihesabiane."

Ambokile aliangalia chini bondeni. "Unamtaka Joel?"

"Ningekuwa namtaka ningekuuliza habari za mfuko?"

Akatoa simu, akampigia baba yake kabla ujasiri haujapoa.

"Tata, shikamoo tena."

"Marahaba. Umefikiri?" Sauti ya Mzee Mseti ilikuwa kubwa kama ya mtu anayeita ng'ambo ya mto, hapakuwa na haja ya kipaza sauti.

"Nimefikiri. Naomba Mzee Heche aambiwe asije."

"Ni yule mtu wa migomba?"

"Ndiyo, tata."

Lilikuwa neno moja tu, lakini lilitamkwa mbele ya aliyehusika, na Boke hakuthubutu kumwangalia.

"Mtumishi wa serikali ni mtu wa kuhamishwa," alisema baba. "Mwaka huu Machochwe, mwakani Lindi. Asiye na ng'ombe hana pa kurudi. Anao?"

Boke alikuwa na jibu mdomoni. Lakini jibu hilo alikuwa ameliona kwanza ndani ya boma la mhojiwa, kibuyu kikiwa begani, na ahadi yake ikiwa bado haijapoa.

"Yupo hapa, tata. Muulize mwenyewe."

Ambokile aliipokea simu kwa mikono miwili. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kijana, una ng'ombe?"

"Ninao, mzee."

"Tangu lini? Ulisema migomba."

"Tangu siku ile uliyocheka."

Upande wa pili ulisikika mguno. "Wangapi?"

Baba yake, ambaye angemfukuza mtu yeyote aliyemuuliza swali hilo, alikuwa amemuuliza mgeni kwa makusudi.

"Mzee, nisamehe," alisema Ambokile polepole. "Hilo hata wewe usingependa nikuulize."

"Hm. Basi wako kwa nani?"

"Kwa mtu aliyeniamini. Siwezi kumtaja."

"Hata kwangu, ninayeweza kukunyima mtoto?"

"Hata kwako, mzee. Nikimtaja leo kwako, kesho na wewe nitakutaja kwa mwingine."

Boke alisikia jogoo wa kwao, Gorong'a, akiwika ndani ya simu.

"Mtu wa migomba," alisema hatimaye Mzee Mseti, lakini alilisema taratibu, kama mtu anayepima kitu mkononi. "Nani alikufundisha?"

"Ninaishi nao, mzee."

"Ijumaa uje. Na uje na mtu mzima wa kwenu, usije peke yako kama mchuuzi wa mitumba."

"Baba yangu mdogo ni mwalimu Musoma. Nitakuja naye. Lakini nina ombi."

"Hujafika unaomba?"

"Boke amalize tasnifu kwanza. Ng'ombe watakaa walipo mpaka siku hiyo."

"Ile isiyo na darasa?"

"Hiyo hiyo."

"Inaisha lini?"

Ambokile alimtazama Boke. Boke aliinama kwenye simu. "Mwakani, tata. Mwezi wa sita, data zikikubali."

"Mnanipangia."

"Tunakuomba," walisema, wote kwa pamoja.

"Heche nitazungumza naye mimi. Sijala chake." Simu ikakatika.

Boke aliichukua, akaitazama kana kwamba ingeongeza neno. Haikuongeza. Ambokile alikuwa amekaa chini kwenye majani.

"Amekujaribu," alisema Boke.

"Nilijua aliponiuliza wako kwa nani. Lile la wangapi nilijibu kwa hofu tu."

Boke alikaa kando yake, mabega yakigusana. Alikuwa na furaha, na aliifahamu vizuri, lakini ndani ya furaha hiyo kulikuwa na kitu kimoja kilichokataa kutulia. Alikitafuta mpaka akakipata.

"Ambokile, wewe ndiye mgeni wangu."

"Mgeni gani?"

"Mgeni aliyeaminiwa pasipo ukoo. Wa sura ya nne. Nimekutafuta wiki nzima." Alifunika uso kwa viganja. "Kaya ile ndiyo bora kuliko zote nilizonazo."

"Sasa tatizo liko wapi? Itumie. Mimi sitakataa."

"Siwezi kupima kwa nini mtu anaaminiwa, nikiwa mimi mwenyewe nimeshamwamini."

Ambokile alifikiri juu ya hilo kwa muda wake wote wa kawaida.

"Kwa hiyo nimekuharibia sura ya nne."

"Umeniharibia kabisa."

"Nikiwauza mitamba?"

"Jaribu uone," alisema Boke.

*

Saa kumi jioni, katika chumba cha Scholastica nyuma ya zahanati, Boke alifungua kompyuta. Scholastica alikuwa akimenya viazi, akimtupia jicho kila mara.

"Unalia au unacheka?"

"Nafuta."

Alitafuta mstari wa kaya ya ishirini na tatu: mahindi, karanga, maharage, ziara ya kwanza, ziara ya pili. Aliusoma wote mara ya mwisho. Kisha akaufuta. Kwenye safu ya sababu za kuondoa kaya katika sampuli, ambayo mpaka siku hiyo ilikuwa tupu, aliandika: "Mtafiti ana maslahi binafsi kwa mwenye mali."

Alimtumia Dk. Eugenia jedwali jipya pamoja na maelezo mafupi kwamba sura ya nne itarudi kama ilivyokuwa mwanzo, isipokuwa kama atapata mgeni mwingine, na kwamba huyu hapatikani tena.

Jibu lilifika viazi vikiwa jikoni. Boke alilisoma, akampa Scholastica naye alisome.

"Sababu inatosha. Endelea."